Kufundisha kuhariri picha chuo kikuu, maadili yakae wapi?

Kuna huu mjadala unaorudi kila mtaala wa picha ukiguswa, kwamba hivi vyuo vikuu vifundishe kuhariri picha mpaka ile ngazi ya juu kabisa, yaani kumfuta mtu bila kuacha alama na kuunganisha picha tatu zikawa moja, au viishie kwenye kukata kingo na kurekebisha rangi basi? Wanaotaka viishie hapo wanasema ukimfundisha mtu kuchonga funguo bandia usishangae siku ukikuta mlango uko wazi. Wenzao wanajibu kwamba huwezi kukamata uongo ambao hujui unatengenezwaje.

Mimi niko na hawa wa pili ila sio kwa kila kitu.

Hiyo hofu ina msingi kabisa. Photoshop ya kwanza, ile programu ya kuhariri picha, imeanza kuuzwa 1990, lakini Februari 1982 jarida la National Geographic walishatoa jalada ambalo piramidi za Giza zimesogezwa kwa kompyuta zikakaribiana, ili picha iliyopigwa kwa ulalo ienee kwenye jalada la wima. Sasa pale hakuna aliyekaa akapanga kumdanganya mtu, walikuwa na tatizo la nafasi wakalitatua. Ndio maana hoja ya kwamba tukiwafundisha watakuwa matapeli naona haijagusa penyewe, kwa sababu wengi walioharibu walianza kama mafundi wazuri tu wanaotaka picha ikae vizuri.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Brian Walski, mpiga picha wa gazeti la Marekani la Los Angeles Times, mwaka 2003 kule Iraq karibu na Basra. Alikuwa na picha mbili zilizopishana muda mfupi tu, kwenye moja mwanajeshi wa Uingereza amekaa vizuri na mkono wake ameunyoosha, kwenye nyingine baba aliyebeba mtoto ndio anaonekana vizuri, akachukua huyu wa hapa na yule wa pale akaziunganisha ikawa picha moja kali sana. Ikachapishwa. Ukiiangalia harakaharaka huoni tatizo lolote, lakini shuka taratibu upande wa kushoto kwa wale raia, utakuta kuna watu wametokea mara mbili, mtu yule yule, mkao ule ule. Akafukuzwa kazi.

Na hapa lazima nikubali kitu ambacho kinaumiza upande wangu: Walski hakuwa mwanafunzi, alikuwa mzoefu na sheria ya gazeti aliijua. Kwa hiyo wanaosema maadili hayafundishiki darasani wana pointi. Ila mimi nauliza, tunayafundisha vipi? Vyuo vingi vikipanga ratiba maadili ni somo la pembeni, mhadhara wa muhula mmoja na insha ya mwisho, halafu kuediti ni maabara nyingine na mwalimu mwingine ambaye anatoa maksi kwa picha iliyopendeza. Mwanafunzi anajifunza vitu viwili visivyojuana. Siku akiwa peke yake usiku, mkono uko kwenye mausi na mhariri anataka picha sasa hivi, kitakachomjia ni kile alichozoea kupewa maksi, sio ile insha.

Halafu sheria zenyewe sio nyepesi hivyo za kukariri. Wengi wanafundishwa kwamba kugusa mwanga wa picha nzima ni halali ila kuongeza au kutoa kitu ni haramu, na ni kanuni nzuri ya kuanzia. Lakini Juni 1994 majarida ya Marekani Time na Newsweek walitumia kwenye majalada yao picha ile ile iliyopigwa na polisi ya O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyekuwa ameshtakiwa kwa mauaji, Newsweek wakaiacha kama ilivyo, Time ikatiwa giza, ngozi ikawa nyeusi zaidi na sura ikawa ya kutisha. Hawakuongeza pua wala kufuta jicho, walicheza na mwanga na rangi. Watu walikasirika sana, wengi wakaiona ni ubaguzi, na Time kujitetea kwamba ilikuwa kazi ya msanii hakukutuliza kitu. Hiyo huwezi kuielewa kwa kusomewa slaidi, mpe mwanafunzi picha ya mtu yeyote ashushe mwanga hatua kwa hatua yeye mwenyewe na aseme ni wapi hasa yule mtu amegeuka kuwa mshukiwa.

Ila kinachonishangaza ni kwamba mjadala wote huu tunauweka kwa watu wa sanaa na habari, wakati mwanafunzi wa baiolojia naye anaediti picha za hadubini kila wiki na hakuna anayemuuliza. Mwaka 2016 mwanasayansi Elisabeth Bik na wenzake walichapisha matokeo ya kukagua makala 20,621 za kisayansi, wakakuta asilimia 3.8 zina picha zenye matatizo, na angalau nusu ya hizo zilikuwa na dalili za kufanywa makusudi. Doa lililonakiliwa kwenye picha ya seli linaweza kuwapeleka watafiti wengine njia mbovu kwa miaka, kwangu hilo ni zito kuliko mwanamitindo aliyepunguzwa kiuno, japo Ufaransa tangu 2017 nako wanalazimisha tangazo la biashara lenye picha kama hiyo liandikwe kwamba picha imeguswa.

Wapo pia wanaosema kozi yenyewe imepitwa, akili mnemba inamaliza kila kitu. Ni kweli, tangu 2023 hata Photoshop unaiandikia maneno inajaza yenyewe, na hilo linaiua hoja ya kuficha ujuzi. Lakini linaibana na hoja yangu, kwa sababu, kwa mfano, moshi kwenye picha uliobuniwa na mashine haujirudii kama ule unaonakiliwa kwa brashi, jicho peke yake halitoshi tena kuukamata. Kinachobaki ni faili orijino na historia ya kila kilichofanywa.

Kwa hiyo kama ningeulizwa, ningefundisha yote mpaka mwisho, ila kazi yoyote ije na faili ya kamera na leya zote, yaani yale matabaka ambayo kila badiliko linakaa juu yake, zikiwa hazijaunganishwa, na kwa kila leya sentensi moja: imebadilisha nini ambacho mtazamaji atakiamini. Mwalimu anazizima leya moja moja mbele ya darasa, na mwenye kazi anasimama pembeni ya skrini anaeleza, na picha ikiwa nzuri sana lakini maelezo hayapo hiyo kazi irudi.