Ugali Uliotoa Watu Nje

Ukiambiwa uache wanga hapa Nairobi, umeambiwa uache kula. Hesabu mwenyewe: ugali, wali, chapati, viazi, nduma, mihogo, mukimo, githeri. Ondoa vyote hivyo uone kilichobaki sahanini: sukuma wiki imejikunyata pembeni, na yai. Mimi sikukatazwa na daktari. Ni suruali ya suti iliyokataa kufungwa, na ruracio, sherehe ya mahari, ya rafiki yangu ilikuwa imekaribia.

Mwanzoni nilijikaza vizuri tu. Omena na managu, mayai na nyanya, matumbo na kabeji, parachichi asubuhi. Shida ilikuwa mkono. Mkono wa kulia umezoea kumega, na ukila mchuzi wa nyama kwa kijiko bila kitu cha kuchovya unajiona kama mgonjwa wa wodini. Ndipo binamu yangu, mtu wa gym asiyeachana na chupa yake ya maji, akaniambia kuna ugali wa koliflawa, ile mboga nyeupe yenye umbo la ua.

Mama mboga wetu pale Umoja alicheka. "Hiyo tafuta Parklands, kastama." Nikapanda matatu, nikabadilisha gari mjini, nikafika soko la City Park, nikarudi na kichwa kikubwa nimekipakata hadi nyumbani.

Maagizo ya binamu: chemsha ilainike, kamua maji, ponda, rudisha jikoni, songa na yai. Yai ndilo la kushikanisha. Unga wa mahindi hushikana wenyewe, kwa sababu wanga ukikutana na maji yanayochemka huvimba ukanata. Koliflawa haina cha kunata. Kama asilimia 92 yake ni maji. Nikaijaza sufuria, nikafunika, nikafunga na madirisha maana baridi ya Julai mnaijua, kisha nikateremka dukani kununua mayai. Dukani kulikuwa na mjadala kuhusu Arsenal. Mayai yalichelewa.

Niliporudi, ploti nzima ilikuwa nje.

Mmoja alikuwa na televisheni kifuani. Mwingine ameshuka na mtungi wake wa gesi begani, akapewa nafasi kubwa sana ya kupita. Mama Brayo alikuwa na mtoto mgongoni na beseni la unga wa chapati uliokwisha kandwa. Alikuwa tayari kupoteza nyumba, si ule unga. Keyateka, msimamizi wa ploti, anakimbia huku na huku: "Mtu asiguse swichi! Gesi inavuja!" Na tangu ule mlipuko wa Embakasi, Februari 2024, huku Eastlands ukisikia neno gesi hungoji maelezo.

Basi mimi nikakasirika kuliko wote. Nikasimama juu ya jiwe la kufulia nikahutubia. Nikawalaani watu wanaonunua mitungi iliyojazwa vichochoroni. Nikasema huyo mpangaji ajulikane leo na ahame leo. Walipoanza kuitikia, nikaongeza na elimu: "Ndugu zangu, gesi ya kupikia yenyewe haina harufu! Hutiwa dawa yenye salfa kwa makusudi, ili ikivuja tujue mapema. Ndiyo maana inanuka vile, utadhani mtu amechemsha kabeji hadi ika..."

Mdomo ukafunga wenyewe.

Kwa sababu koliflawa na kabeji ni ndugu wa damu, na sukuma wiki ni ndugu yao wa tatu, na wote wana salfa, na kadiri unavyowachemsha ndivyo wanavyoitoa. Nikashuka kwenye jiwe polepole.

"Endelea," akasema Mama Brayo.

Keyateka alikuwa tayari ameshika kopo la maji ya sabuni, yale ya kupaka kwenye mpira wa gesi uone kama kuna povu. Nikamwambia, "Mzee, ngoja nikusindikize." Nilitaka nifike mlangoni kwanza. Lakini Mzee ana pua. Alipita ghorofa ya kwanza bila kugeuka, akapita ya pili, akasimama kwangu. Nyuma yetu ngazi zilikuwa zimejaa watu.

Nikafungua. Mvuke ukatusalimia. Mzee akautazama moto uliowaka chini ya sufuria, akanitazama mimi. "Gesi ingekuwa imevuja hapa na moto unawaka hivi, tungekuwa tunaongea?" Akafunua kifuniko. Ndani kulikuwa na uji wa kijivu, chini umeshika.

"Hii ni nini?"

"Ugali, Mzee."

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Mama Brayo alisogea, akachungulia sufuria, akanishika bega. "Kijana wangu, kama unga ulikuishia, si ungesema? Sisi ni majirani."

Nikajaribu kueleza habari ya suti. Akaniambia ninyamaze, hakuna aibu.

Jioni mlango haukupumzika. Huyu analeta pakiti ya unga, yule githeri ndani ya bakuli, vijana wa ghorofa ya juu wanaleta viazi. Mama Brayo akaja na chapati zake, bado moto, akasimama mlangoni hadi anione nikila. Wa mwisho kufika alikuwa keyateka, mikono mitupu, sauti ameishusha.

"Kijana, maisha ni magumu, naelewa. Lakini kodi ya mwezi huu itapatikana?"

Nilikuwa na chapati mdomoni, sikuweza kumjibu.