Chagos: nani alikuwa na haki ya kulikata koloni la Mauritius?

Chagos ni visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo Uingereza ilivitenga na koloni lake la Mauritius mwaka 1965, na Mauritius inavidai. Mjadala huo ukianza, watu hukimbilia ramani: Diego Garcia, kisiwa kikubwa zaidi cha Chagos, iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, itakuwaje ya Mauritius? Hoja hiyo nyepesi. Waingereza waliiteka Mauritius kutoka kwa Wafaransa mwaka 1810, na Mkataba wa Paris wa 1814 ukawapa pamoja na visiwa vilivyokuwa chini yake. Chagos ilikuwemo. Hata Shelisheli ilitawaliwa kutoka Port Louis.

Hoja nzito ya Waingereza ni nyingine: koloni hilo walishalimega kabla, na hakuna aliyewashtaki. Mwaka 1903 Shelisheli ilitengwa ikawa koloni peke yake. Mwaka 1908 kisiwa cha Coëtivy kilihamishwa kutoka Mauritius kikapewa Shelisheli, na Farquhar ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kama waraka wa serikali ulitosha wakati huo, kwa nini usitoshe tarehe 8 Novemba 1965, Chagos ilipoondolewa?

Kwa sababu katikati hapo sheria ilikuwa imebadilika. Azimio namba 1514 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la Desemba 1960, linakataza katika aya ya 6 kuigawa nchi iliyo njiani kujitawala. Na mwaka 1965 Mauritius ilikuwa njiani kwelikweli: wajumbe wake walikuwa Lancaster House, London, wakijadili katiba.

Uingereza hujibu kwamba Mauritius iliridhia. Iliridhia, lakini tuangalie namna gani. Tarehe 23 Septemba 1965 Waziri Mkuu Harold Wilson alikutana na kiongozi wa serikali ya koloni, Seewoosagur Ramgoolam. Karatasi aliyoandaliwa Wilson ilieleza lengo waziwazi: Ramgoolam apewe matumaini ya uhuru, na hofu ya kuukosa asipokuwa msikivu kuhusu Chagos. Siku hiyo hiyo akakubali kimsingi. Malipo yalikuwa pauni milioni 3, pamoja na ahadi kwamba visiwa vitarudishwa visipohitajika tena kwa ulinzi. Mwaka 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa kura 13 dhidi ya 1, ilitoa maoni kwamba Mauritius haikuondolewa ukoloni kihalali.

Hata hivyo Mauritius nayo ina doa. Ilipata uhuru Machi 1968, ikakaa miaka 12 kabla ya kuvidai visiwa hadharani mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1972 ilipokea pauni 650,000 za kuwahudumia Wachagosi, wakazi wa Chagos, waliohamishiwa kwake. Shinikizo la Lancaster House halitoshi kueleza ukimya huo.

Kwangu mimi, kipimo kizuri zaidi ni Shelisheli. Amri ile ile iliyoitenga Chagos mwaka 1965 iliinyang'anya Shelisheli visiwa vya Aldabra, Desroches na Farquhar, ikafidiwa kwa kujengewa uwanja wa ndege Mahé. Visiwa vyote vitatu vilirudishwa siku ya uhuru wake, 29 Juni 1976. Tofauti na Chagos haikuwa ya kisheria. Kwenye visiwa hivyo vitatu Wamarekani hawakujenga kambi ya kijeshi. Diego Garcia walijenga.

Na kambi hiyo ilihitaji kisiwa kisicho na watu. Kufikia 1973 Wachagosi wote walikuwa wameondolewa. Katika mazungumzo ya 1965 hawakuwa na mjumbe, na mkataba wa kuirudisha Chagos uliosainiwa Mei 2025 ni wa serikali mbili, bila saini yao.