Kelele za detekta ya kujiundia: kuziba chanzo au kuchuja sauti?

Mtu akishalehemu detekta yake ya kwanza ya mapigo, yaani kifaa cha kutafuta metali ardhini kwa mapigo ya umeme, mara nyingi huwa ni ile rahisi inayoitwa Pirat, iliyotoka kwa mafundi wa Kirusi: aisii (chipu) ya NE555 inayotoa mapigo, mosfeti IRF740 iliyo swichi ya umeme, aisii moja ya kukuza ishara na koili ya mizunguko 25 yenye upana wa sentimita 19. Anaiwasha, na mashine inalia yenyewe. Hakuna chuma karibu, lakini inalia, inanyamaza, inalia tena. Akiomba ushauri atapewa majibu ya namna mbili. Kuna watakaomwambia atafute chanzo: koili haina kinga, grandi (njia ya umeme kurudi betrini) imechanganywa, betri imepitia kishusha volti kibovu. Wengine watamwambia asijisumbue, aongeze kapasita kwenye kichujio na apandishe kizingiti, yaani kiwango ambacho ishara lazima ikivuke ndipo mashine ilie, mashine itatulia tu. Kila upande una hoja. Tatizo ni kwamba kila upande huzungumza kana kwamba kelele ni ya aina moja.

Tuanze na kinachotafutwa. Koili inapewa mkondo wa ampea moja au zaidi kwa mikrosekunde 150 hivi, kisha mosfeti inakata ghafla. Volti inaruka hadi mamia (IRF740 inavumilia 400) na kuzimika ndani ya mikrosekunde chache. Kukiwa na metali karibu, mikondo midogo iliyoamshwa ndani yake inachelewa kufa, na huo mkia wa kuchelewa ndio mashine inausikiliza. Mkia wenyewe unaweza kuwa wa mikrovolti tu, kwa hiyo unakuzwa mara mamia hadi elfu. Chochote kingine kilichopenya kwenye koili kwa wakati huo nacho kinakuzwa vilevile, kiwe cha nguzo ya umeme au cha kituo cha redio.

Hoja ya wanaochuja ni ya hesabu, na hesabu yao ni sahihi. Kelele isiyo na mpangilio ukiichukulia wastani wa mapigo mengi inapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo hayo. Wastani wa mapigo 100 unaishusha mara kumi, na wa mapigo 400 unaishusha mara ishirini. Hununui kitu isipokuwa kapasita, na huhitaji osiloskopu, chombo cha kuonyesha umbo la ishara ambacho mafundi wengi wa mitaani hawana. Ukweli mwingine ulio upande wao ni kwamba kelele inayotoka angani haizuiliki kwa kulehemu upya. Koili ni antena. Unaweza kuwa na saketi safi kuliko ya kiwandani, lakini ukisimama chini ya nyaya za umeme utasikia umeme.

Bei ya dawa hiyo huwa haitajwi. Koili ya sentimita 19 ukiipitisha kwa mwendo wa sentimita 60 kwa sekunde, inakuwa juu ya kipande kidogo kwa takriban sekunde 0.3. Mashine inayopiga mara 1,000 kwa sekunde inapata mapigo 300 katika muda huo, kwa hiyo wastani wa mapigo 300 ni faida tupu. Ukienda hadi 1,000, unaichanganya ishara ya kipande na mapigo 700 ambayo koili haikuwa juu ya kitu chochote. Kelele imeshuka, na ishara imeshuka haraka zaidi. Kwa Pirat hali ni mbaya zaidi kwa sababu inapiga mara 120 hadi 150 tu kwa sekunde. Sekunde 0.3 zinampa mwenye Pirat mapigo 45 yasiyozidi. Ndiyo maana mashine iliyotulizwa kwa kapasita kubwa huonekana nzuri mezani, pale mtu anapoishikia sarafu juu ya koili bila kuisogeza, halafu shambani inapita juu ya sarafu ileile bila kulia.

Wale wa kuziba chanzo nao wana ugonjwa wao: kubadilisha aisii. Mtu anatoa TL072, ambayo kelele yake ni kama nanovolti 18 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, anaweka NE5534 yenye nanovolti 4 hivi. Hapo amefanya jambo la maana. Kisha anasikia kuna aisii za nanovolti 1, anaagiza kwa bei ya chakula cha wiki. Anasahau kuwa rezista ya omu 1,000 iliyo mlangoni mwa ampilifaya ina kelele yake ya joto, nanovolti 4, na hiyo haiondoki kwa kubadilisha aisii. Jumla ya NE5534 na rezista ni nanovolti 5.7 hivi, na jumla ya aisii ya gharama na rezista ileile ni 4.1. Hiyo ni nafuu ya mara 1.4.

Mara 1.4 inakupa kina gani? Kwa kitu kidogo kilicho mbali kuliko nusu ya upana wa koili, ishara hupungua karibu kwa kipeo cha sita cha umbali. Kipeuo cha sita cha 1.4 ni 1.06. Sarafu uliyokuwa ukiiona kwa sentimita 20 sasa utaiona kwa 21. Sheria hiyo ya kipeo cha sita inapaswa kubandikwa juu ya kila meza ya fundi wa detekta, kwa sababu inapanga kazi. Kupunguza kelele nusu kunakupa asilimia 12 ya kina. Kuipunguza mara kumi kunakupa karibu asilimia 47, yaani kutoka sentimita 20 hadi 29. Kelele za kupunguzwa mara kumi hazipo kwenye aisii. Zipo kwenye koili isiyo na kinga, kwenye umeme wa majumbani wa hezi 50, na kwenye bodi ndogo ya kushusha volti iliyobandikwa pembeni ya ampilifaya.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua dawa ni lazima ujue kelele inatokea wapi, na hilo halihitaji vifaa. Toa pete na saa. Shika mashine hewani, kiunoni, mbali na nyumba, bila kuitikisa. Kama inalia, zungusha koili taratibu, kutoka kulala hadi kusimama, kisha igeuzie pande tofauti. Kelele ikipanda na kushuka kufuata mwelekeo, inatoka angani. Isipobadilika kabisa, iko ndani ya boksi. Kuthibitisha, chomoa mguu wa rezista ya mlangoni kutoka kwenye koili na uuguse kwenye upande tulivu wa koili, ule usiokutana na mosfeti. Kelele inayobaki hapo ni ya ampilifaya na ya chakula chake cha umeme, wala usihangaike tena na kinga ya koili.

Kama ilikuwa kimya kiunoni, ipungie hewani. Ikilia kwa kupungwa tu, kuna waya unaocheza: mizunguko haijabanwa kwa gundi, au kebo inajipinda penye plagi. Au ni usumaku wa dunia wenyewe, ambao hutia volti ndogo kwenye koili inayosogea. Ikiwa kimya hewani hata ikipungwa, lakini inalia ukiishusha karibu na udongo, basi huna kelele ya umeme hata kidogo. Udongo mwekundu wenye chuma nao huacha mkia baada ya pigo, na mkia huo unapanda na kushuka kwa mwendo uleule wa koili. Wanaotafuta dhahabu kule Chunya na Geita wanaujua vizuri. Kichujio hakitautenganisha na dhahabu, na kinga haitauzuia. Hapo pande zote mbili za mjadala hazina jibu, na fundi anayeendelea kubadilisha kapasita anapoteza risasi yake ya kulehemu.

Kinga ya koili inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayosifiwa bila masharti. Gusa koili kwa kiganja kitupu: sauti ikibadilika, unahitaji kinga, maana hata nyasi mbichi zitakudanganya. Wengi huzungushia karatasi ya alumini ya jikoni, wakiacha pengo la sentimita moja au mbili ili isifunge duara, na kuiunga na grandi. Inafanya kazi. Ila alumini ni metali, na yenyewe ina mkia, tena kinga iliyogusana na waya inaongeza uwezo wa koili kubeba chaji na kuifanya ichelewe kutulia. Kwa anayetafuta vyuma vikubwa hilo si neno. Kwa anayetafuta chembe za dhahabu ni hasara ya kweli, na heri rangi ya grafiti juu ya tabaka la sponji linaloitenga na waya.

Kuchelewa huko kunazaa kishawishi cha tatu, ambacho hujificha ndani ya kambi zote mbili. Kwenye saketi zenye sampuli, yaani zinazosikiliza kwa kipande kifupi tu cha muda baada ya kila pigo, kama ile iitwayo Hammerhead, kuna kitasa cha kuchagua ni mikrosekunde ngapi baada ya kukata mkondo mashine ianze kusikiliza. Ukichelewesha, mtetemo wa koili unakuwa umeisha na sauti inatulia ajabu. Lakini chukulia kipande kidogo ambacho mkia wake unashuka hadi asilimia 37 kila baada ya mikrosekunde 5. Kuhama kutoka mikrosekunde 10 hadi 15 kunaua asilimia 63 ya ishara yake. Kipande kinene cha chuma, chenye mkia wa mamia ya mikrosekunde, hakitaonyesha tofauti yoyote. Mashine ni ileile, kimya ni kilekile, ila mmoja amepata na mwingine amekosa. Rezista ya kutuliza koili, ambayo huwa kati ya omu mia tatu hadi elfu moja, ingepimwa vizuri kwanza, pengine kitasa kisingeguswa.

Hukumu yangu basi inaegemea upande wa chanzo, lakini kwa mpangilio wa ukubwa: hewa, koili, umeme wa ndani, na aisii mwisho kabisa. Umeme wa ndani mara nyingi ni mwepesi kutibu. Zile bodi ndogo za LM2596 za kushusha volti hukatakata umeme kwa kilohezi 150, na ICL7660 inayotoa volti hasi hukatakata kwa kilohezi 10 hivi. Weka 7805 ya kawaida, kishusha volti kisichokatakata, mahali pa bodi hiyo, usikie tofauti. Mkondo wa koili usipite kwenye njia moja ya grandi na ampilifaya; kila mmoja arudi betrini kwa waya wake. Kuchuja kuje baadaye, kwa kile kilichobaki, na kikomo kiwe ule muda wa koili kupita juu ya kitu. Anayetafuta vyuma chakavu vilivyozikwa na kutembea polepole anaweza kuchuja zaidi bila majuto.

Kwa kelele ya nguzo za umeme kuna tiba isiyohusu kinga wala kapasita. Pirat inayopiga mara 149 kwa sekunde inagongana na hezi 150, ambayo ni mara tatu ya hezi 50 za umeme wetu wa majumbani, na matokeo yake ni sauti inayopanda na kushuka mara moja kila sekunde. Ukibadilisha rezista ya NE555 ili ipige mara 137, tofauti inakuwa 13 kwa sekunde, ambayo hata kichujio kidogo kinaimeza. Koili ya umbo la nane nayo huifuta kelele ya mbali, kwa sababu inaingia pande zote mbili kwa usawa na kupingana, ila utalipa kwa kina.

Lakini Pirat haina sampuli, wala ile ya pili inayochukuliwa baadaye, mkia ukishafifia, ili iondolewe kwenye ya kwanza, na hiyo sampuli ya pili ndiyo inayofuta usumaku wa dunia na sehemu kubwa ya umeme wa hezi 50 kabla haujafika kwenye kichujio. Aliyekwisha kurekebisha koili, grandi na mapigo, na bado inamlilia, asinunue aisii ya nanovolti 1 kwa ajili ya Pirat. Fedha hiyo inatosha kuanzia vipuri vya saketi yenye sampuli mbili, na koili aliyokwisha kuitengeneza vizuri ataihamishia huko.