Linux na gemu Dar: kufuli liko kwenye mpira

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na hapa Dar es Salaam habari hiyo si ya kusoma na kupita. Mashine nyingi zinazouzwa Kariakoo ni mitumba ya maofisini: HP EliteBook 840, Dell Latitude, ThinkPad. Windows 11, kwa masharti yake rasmi, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. EliteBook 840 G3, kipenzi cha wanachuo, ni ya kizazi cha sita. Fundi atakupigia Windows 11 kwa njia ya panya, sawa, lakini hawezi kukuahidi kwamba sasisho lijalo halitaikataa mashine yako.

Hapo ndipo ule ushauri wa "weka Linux, siku hizi inacheza gemu" unapopata wasikilizaji. Linux ni mfumo endeshi wa kompyuta, mbadala wa Windows, na ni huria: yeyote anaweza kuufungua na kuubadilisha. Na mimi huutoa. Ila nautoa kwa masharti, na sharti kubwa kuliko yote linahusu gemu za mpira.

Tuanze na kilichobadilika, maana wapo wanaodhani hizi ni porojo za mashabiki. Valve, wenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, waliifikisha Steam kwenye Linux mwaka 2013. Mwaka 2015 wakaleta kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machine, zikadoda. Sababu iko wazi: walikuwa wanasubiri watengeneza gemu wawaandikie watumiaji wa Linux matoleo yao, na hakuna mfanyabiashara anayepika kwa ajili ya wageni wawili. Agosti 2018 wakageuza mbinu, wakatoa Proton, programu inayoziwezesha gemu za Windows kuchezeka kwenye Linux. Msingi wake ni Wine, mradi wa programu huria ulioanza mwaka 1993, ukiongezewa kifaa kiitwacho DXVK. Gemu ya Windows ikiomba picha ichorwe kwa Direct3D, lugha ya Windows ya kuiamrisha kadi ya grafiki, DXVK inalidaka ombi hilo na kulipeleka kwa Vulkan, lugha nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo Linux inaielewa. Gemu yenyewe haijui kama imehama nyumba, na aliyeitengeneza halazimiki kuongeza hata mstari mmoja.

Kisha Februari 2022 ikatoka Steam Deck, kompyuta ya mkononi inayotumia SteamOS, ambayo ni Linux. Kuanzia hapo makampuni yakapata sababu ya kibiashara ya kuhakikisha gemu zao zinapita kwenye Proton. Elden Ring, Cyberpunk 2077 na Baldur's Gate 3 zinachezeka kwenye Linux bila uchawi wowote. Oktoba 2025, katika takwimu za Steam za kila mwezi, Linux ilivuka asilimia 3 ya watumiaji kwa mara ya kwanza. Bado ni kidogo. Lakini ukikumbuka kwamba kwa miaka mingi ilikuwa inagotagota kwenye asilimia 1, utaona kuna kitu kimesogea.

Sasa turudi Kariakoo, kwa sababu hapa kuna jambo wanalolipita wengi wanaosifia Linux. Toleo la 2.0 la DXVK, la Novemba 2022, linataka kadi ya grafiki inayomudu Vulkan 1.3. Grafiki za Intel za kizazi cha nne, kama zilizomo ndani ya EliteBook 840 G1, hazifiki huko zikiwa kwenye Linux. Mashine hiyohiyo ikiwa na Windows inaendesha gemu za Direct3D 11 moja kwa moja. Ikiwa na Linux itabidi ipite njia za zamani, kama DXVK ya kabla ya 2.0 au OpenGL, lugha ya picha iliyotangulia Vulkan, na mara nyingi utauona uzito. Kwa hiyo kati ya G1 na G3, mashine ambazo kwa macho zinafanana mno, ushauri unageuka kabisa. Yenye G3 inakataliwa na Windows 11 na kupokelewa vizuri na Linux. Yenye G1 inakataliwa na Windows 11, na Linux nayo inaipokea shingo upande, kwa gemu angalau. Kwa kazi za chuo ni habari nyingine. Na hata hiyo G3 isikudanganye, grafiki zake za HD 520 ni za gemu nyepesi na za miaka iliyopita. Linux haifufui kadi ambayo haipo.

Wenye mashine za gemu hasa, zile zenye kadi za NVIDIA, wana lalamiko lao. Draiva za NVIDIA kwa Linux, yaani programu zinazoiongoza kadi, zimeimarika sana, lakini gemu nyingi za Direct3D 12 bado zinapungua kasi ukilinganisha na Windows. Wenye kadi za AMD ndio wanaokula raha, kwa kuwa draiva zao ni huria na Valve imelipa watu kuzinoa.

Na kuna bando. Steam ikiwa kwenye Linux hushusha mafaili ya grafiki yaliyoandaliwa mapema ili gemu isikwamekwame, na huyasasisha mara kwa mara. Proton yenyewe nayo inakula mamia ya megabaiti kila toleo jipya linapotoka. Mwandishi wa Ulaya haoni sababu ya kulitaja hili. Mtu anayenunua bando la wiki ataliona siku ya kwanza. Inawezekana kuzima ushushaji huo, ukubali gemu ikukatie pumzi kidogo mwanzoni.

Yote hayo yanavumilika. Mpira ndio haupiti.

Pita Manzese, Mbagala au Sinza, ingia kibanda chochote cha gemu. Wanacheza nini? Mpira. Gemu ya peke yako, ya hadithi ya saa 60, ni ya chumbani. Ya kijiweni ni padi mbili, skrini moja, na watu wanne wa kuongea zaidi ya wanaocheza. Ukimwambia kijana huyo Linux inacheza gemu, atakuuliza swali moja tu: FC inakubali? FC ni gemu ya mpira ya kampuni ya EA, ile iliyokuwa ikiitwa FIFA. Jibu ni hapana. Tangu FIFA 23, EA imeweka kwenye kompyuta kinga dhidi ya udanganyifu inayokaa ndani ya keneli, kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia vifaa vyote, na kinga hiyo imeandikwa kwa ajili ya Windows tu. Isipowaka, gemu haifunguki. Hata ukitaka kucheza na mdogo wako sebuleni, bila intaneti, bila wa kumdanganya, bado unatakiwa kwanza uthibitishe kwamba wewe si mwizi. Hilo nashindwa kulitetea.

Hata hivyo hoja ya watengenezaji si ya kipuuzi. Mwaka 2021 kinga mbili kubwa, Easy Anti-Cheat na BattlEye, zilianza kukubali Proton, mwenye gemu akiamua tu kuziruhusu. Wapo walioruhusu. Apex Legends ilikuwa mojawapo, ikachezwa kwenye Linux kwa muda, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 ikafunga mlango, ikieleza kwamba wadanganyifu walikuwa wanaitumia Linux kama uchochoro. League of Legends ilipoingiza kinga ya Vanguard mwaka huohuo, Linux ikabaki nje. Kiufundi wana hoja: kwenye Linux mtumiaji anaweza kuibadilisha keneli na kuijenga upya apendavyo, na programu inayokaa juu ya keneli haina namna ya uhakika ya kujua kama inaambiwa ukweli. Aliyewahi kuchezewa rafu mtandaoni na mtu anayeona kupitia ukuta hatacheka akisikia hivyo. Kwa mchezo wa mashindano, usalama huo una thamani.

Lakini tazama simu yako. Keneli ya Android ni Linux. eFootball ipo humo, FC Mobile ya EA hiyohiyo ipo humo, na wenye gemu hawaoni shida. PlayStation 4 nayo mfumo wake umetokana na FreeBSD, ndugu wa karibu wa Linux katika ulimwengu wa programu huria. Kumbe kinachokataliwa si Linux. Kinachokataliwa ni mashine ambayo mwenyewe ndiye mwenye ufunguo. Simu na PlayStation zimetoka kiwandani zimefungwa, hivyo zinaaminika. Kompyuta yenye Linux imeachwa wazi kwa makusudi.

Hapa ndipo mustakabali unaponitia wasiwasi, kuliko asilimia 3 au 5. Valve ilitangaza Novemba 2025 kwamba Steam Machine inarudi, safari hii ikiwa na Proton mgongoni. Ikiuzika, watengenezaji wa gemu za mtandaoni watakaa mezani, na sharti lao linatabirika: tupeni Linux iliyofungwa, keneli yenye saini ya kidijitali, isiyoguswa na mtumiaji, nasi tutawapa mpira. Wapo watakaokubali, na siwalaumu. Ila Linux ya namna hiyo itakuwa PlayStation nyingine yenye mlango wa Steam.

Kwa Dar jambo hilo lina uzito wa pekee. Biashara ya gemu mjini hapa imejengwa na mafundi wanaofungua vitu: PS2 zilizowekwa chipu, diski zilizojazwa gemu, mashine zinazobadilishwa kila kitu isipokuwa kava. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishawahi kuendesha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili safi. Kazi ilikuwa nzuri. Kwa mtazamo wangu kilichokosekana ni mteja wa kumwambia fundi "nipigie hii". Gemu zingeweza kumleta mteja huyo leo, lakini ajabu ni kwamba gemu anayoitaka hasa ndiyo inayodai mashine isiyofunguliwa.

Kuna upepo mwingine wa kuangalia. Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, na tangu hapo Microsoft imekuwa ikizisukuma kampuni za programu za usalama zitoke kwenye keneli. Kinga za gemu zikifuata njia hiyo, tofauti kati ya Windows na Linux itapungua bila Linux kufanya lolote. Sitegemei liwe karibu. Steam Deck nayo Valve haiiuzi rasmi Tanzania, kwa hiyo mauzo yatakayozishawishi kampuni hizo yatatoka nchi nyingine, sisi tukisubiri matokeo.

Kwa sasa, mwenye kibanda anayeuza mechi za FC hana sababu ya kuigusa Linux, abaki na PlayStation yake. Mwenye G1 asihamie kwa ajili ya gemu. Mwenye NVIDIA aijaribu kwanza kwa fleshi bila kugusa Windows yake. Mwanachuo mwenye G3, anayecheza peke yake gemu za miaka ya nyuma, aipige Linux leo, aongeze RAM ifike GB 8 kama bado ana 4, na mafaili yake ayanakili kwanza yeye mwenyewe, maana fundi wa kuuliza "nifute yote?" ni wa kubahatisha.