Kulabu, Hertz na Suruali ya Baba Mkwe

Mwenye nyumba wetu hapa Umoja hataki kuona msumari ukutani. Basi baba mkwe alipotangaza anakuja, nikanunua kulabu ya mpira, ile yenye kikombe cha kunyonya. Mchuuzi aliibandika kwenye kioo cha matatu, akaivuta kwa mikono miwili mpaka kondakta akamfokea. Haikung'oka.

Kwangu bafuni ilianguka kabla sijageuka. Mke wangu akapitisha kiganja ukutani. "Huku kuna chunusi, baba watoto."

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Nilisomea uhandisi na sina pa kuutumia. Nikamweleza kwamba Hertz, mwanafizikia Mjerumani, alikokotoa mgusano wa vitu vinyumbufu mwaka 1882, ila vyake vilikuwa na uso laini. Ukuta huu una vilima na mabonde: mpira unagusa vilele tu, na hewa inajipitia mabondeni. Lakini watafiti Greenwood na Williamson walionyesha mwaka 1966 kwamba ukizidisha kukandamiza, eneo linalogusana kwelikweli huongezeka karibu kwa kiasi hicho hicho.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nisukume."

Nikakita miguu mlangoni, nikasukuma kwa viganja viwili hadi mishipa ya shingo ikasimama. Ikashika! Nikatoka kifua mbele. Kitu kimoja tu sikukikumbuka: viganja vyangu nilikuwa natoka navyo. Ile hewa ya mabondeni haikuwa na haraka. Ilingoja mzee aoge.

Saa moja jioni tukasikia *pwa!* halafu *chubwi!* halafu kimya. Suruali ya suti, na ndiyo pekee aliyosafiri nayo, ilikuwa imetua kwenye ndoo ya maji ya sabuni.

Akatoka amejifunga leso ya binti yake. Mkwe hatazamwi, kwa hiyo nikainamisha macho, na huko chini ndiko yalikokuwa maandishi: HATA MKISEMA SIJALI.

"Samahani, baba. Unajua ukuta una vilima vidogo…"

Hakunijibu. Akaokota kulabu, akalamba ukingo wa mpira kama anayebandika stempu, akaigandamiza kwenye kioo cha dirisha la sebule kwa kidole gumba kimoja. Akatundika suruali, maji yanachuruzika. Akaketi, akavuta kikombe cha chai.

Nami nikaketi, naikodolea macho ile suruali, naiombea kimoyomoyo ianguke.

Asubuhi aliivaa ikiwa kavu.