Oman Ilichelewa Mno Kumpokea Jamshid

Seyyid Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki dunia Muscat tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 95. Oman, nchi ya asili ya ukoo wake wa Al Busaid, ilimruhusu kuhamia huko Septemba 2020 tu. Kabla ya hapo aliishi Portsmouth, Uingereza, zaidi ya nusu karne. Je, jamaa zake walimtendea haki?

Alirithi kiti Julai 1963, Zanzibar ikapata uhuru 10 Desemba, akapinduliwa 12 Januari 1964. Meli yake, Seyyid Khalifa, ilifika Mombasa akazuiwa kushuka. Na ni miezi mitatu tu tangu serikali yake ikubali kuiachia Kenya ukanda wa Mwambao, Mombasa ikiwemo! Akapitia Dar es Salaam, akasafirishwa kwa ndege hadi Uingereza.

Wanaoitetea Oman wana hoja nzito. Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar pamoja, alipofariki 1856, ukoo uligawanyika: mwanawe Thuwaini akashika Muscat, mwanawe mwingine Majid akashika Unguja, na mwaka 1861 Waingereza wakauhalalisha mgawanyo huo. Kwa hiyo Jamshid alitoka katika shina lilelile la watawala wa Muscat, na angeweza kuonekana mshindani wa kiti. Sultani Qaboos wa Oman alitwaa madaraka 1970 kwa kumwondoa baba yake mzazi, vita vya uasi vya Dhofar, kusini mwa nchi, vikiwa vinawaka. Aliwaita nyumbani Waomani waliokuwa ughaibuni, na waliotoka Zanzibar, wengi wao wasomi, wakashika kazi serikalini. Kumweka sultani aliyeng'olewa katikati ya watu waliokuwa raia wake jana, wakati kiti cha mwenyeji bado hakijatulia, kulikuwa na hatari. Hofu hiyo siidharau.

Lakini vita vya Dhofar viliisha katikati ya miaka ya 1970, na mlango haukufunguka. Ndugu na watoto wake waliweza kuhamia Oman, yeye akabaki Portsmouth. Hapo ndipo hoja ya usalama inaponishinda kuielewa. Uturuki iliwafukuza Waothmani wote, ukoo wa masultani wake wa zamani, Machi 1924, ikawaruhusu wanawake kurudi 1952 na wanaume 1974, na hakuna kiti kilichofufuka. Hata Waingereza, waliolipiga mizinga kasri la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha Zanzibar mwaka 1896, baadaye wakamkamata na kumpeleka Seychelles na St Helena, mwishowe walimwacha arudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa 1927.

Wapo watakaouliza kwa nini tumhurumie sultani, ilhali Mapinduzi yaliua maelfu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Swali hilo ni halali, na linazidi uzito tukikumbuka uchaguzi wa Julai 1963: chama cha upinzani cha ASP (Afro-Shirazi Party) kilipata kama asilimia 54 ya kura, kikaambulia viti 13 dhidi ya 18 vya muungano wa vyama vya ZNP na ZPPP, vilivyounda serikali. Hasira ya 1964 haikuzuka hewani, nami sitetei kurudishwa kwa usultani. Ninachokitetea ni haki ya mtu kuishi na wanawe.

Mwaka 2020 Oman ilimpokea kama mzee wa ukoo, bila cheo cha sultani. Sharti hilo hilo lingeweza kuwekwa miaka ya 1980, akiwa bado na nguvu zake.