Lewiathani si pepo la kukemewa

Wiki hii nilisikiliza mahubiri fulani nikayazima kabla hayajaisha. Mhubiri alisoma mistari miwili ya Ayubu 41, akafunga Biblia, akatangaza kwamba ndoa zinazovunjika na kazi zinazokwama zote zimeshikwa na "roho ya Lewiathani", yule mnyama wa kutisha wa baharini anayeelezwa katika sura hiyo. Watu wakaanza kukemea. Walikemea kwa machozi, watu wenye shida za kweli, na hapo ndipo uchungu uliponishika, maana sura ile ina neno kwa mtu aliyeumia na hawakusomewa.

Basi tuisome. Ayubu amefiwa na watoto kumi, mali imekwisha, ameketi majivuni akijikuna kwa kigae. Marafiki wamemchosha wakimwambia: lazima kuna dhambi umeificha. Mungu anapomjia katika upepo wa kisulisuli, hamwelezi lolote kuhusu watoto wale. Anamwonyesha wanyama. Simba, kunguru, mbuzi-mwitu anayezaa majabalini, punda-mwitu anayedharau kelele za mji, mbuni anayeacha mayai yake mchangani. Anamwambia hata habari za mvua inayonyesha jangwani pasipokaa mtu. (Mstari huo, 38:26, hunisimamisha kila nikiufikia: mvua isiyo ya shamba la mtu yeyote, na bado Mungu anaipeleka.) Kisha Behemothi, mnyama mwenye nguvu nyingi, ambaye Yordani ikifurika mpaka kinywani pake hashtuki. Kisha Lewiathani, na hapo Mungu hana haraka tena. Sura nzima! Magamba yaliyobanana hata hewa haipiti kati yake. Macho kama kope za alfajiri. Moshi wa puani kama wa chungu kinachotokota. Hata njia inayong'aa nyuma yake anapopita, ungedhani bahari imeota mvi.

Nani huelezea hivyo kitu anachokichukia? Hayo ni maneno ya fundi anayeizunguka kazi ya mikono yake. Zaburi 104 inasema waziwazi kwamba Mungu alimwumba Lewiathani acheze baharini. Acheze!

Na kuna jambo jingine linalonigusa kuliko yote. Kule sura ya 3, Ayubu alipoilaani siku aliyozaliwa, aliwataka walio hodari wa kumwamsha Lewiathani wailaani pia. Alimtaja kwa sababu alitamani kila kitu kizimike. Mungu alisikia. Maneno yote ya marafiki yalipokwisha, akamrudia mnyama yuleyule na kumwonyesha Ayubu kwamba huyo aliyemwita ni wake Yeye, anamjua gamba kwa gamba. Jibu hilo halirudishi watoto. Lakini linamwambia aliyevunjika moyo kwamba hata kile kinachotisha kuliko vyote hakijamponyoka Mungu, na wala hakikuumbwa ili kumwadhibu yeye. Marafiki walitaka kila teso liwe na mkosaji. Mhubiri yule amefanya yaleyale. Ameondoa dhambi iliyofichwa, akaweka pepo mwenye jina.

Imeandikwa, kwa hiyo nakubali: katika Isaya 27 Lewiathani anaadhibiwa kwa upanga, na katika Zaburi 74 vichwa vyake vinavunjwa. Lakini kote huko anayepigana naye ni Mungu mwenyewe. Binadamu, kwa Ayubu 41:8, anaambiwa kwamba akimgusa mara moja atavikumbuka vita hivyo na hatarudia.

Wanaobishana kama Behemothi na Lewiathani ni kiboko na mamba au ni dinosaria, waendelee.

Ninachoomba ni kwamba anayeifungua sura ya 41 asiifunge kabla ya kufika ya 42. Pale hasira ya Mungu inawaka juu ya Elifazi na wenzake wawili, marafiki wale waliokuwa na maelezo tayari, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu Yeye kama Ayubu alivyonena. Waliagizwa kupeleka mafahali saba na kondoo waume saba, na wa kuwaombea alikuwa Ayubu, yule aliyemlalamikia Mungu muda wote huo, kabla hajarudishiwa chochote.